Mitego ya Swaibu

Mbuzi wawili walikwisha fungwa uani, turubai limeshatandazwa juu ya nyaya za kuanikia nguo, na wapishi wa pilau wameshaleta masufuria yao, ndipo Bi Hindu aliposema kwamba arobaini ya mumewe haitasomwa.

Hakupaza sauti. Alikuwa ameketi kwenye mkeka katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mwanawe, Old Kampala, amevaa nguo zake nyeupe za eda, miguu ameinyoosha mbele. Tangu Mansur alipomleta kutoka kijijini kwao Kyamusisi, siku chache baada ya mazishi, alikuwa hatoki humo ila kwenda msalani.

"Haitasomwa vipi, Mama?" Mansur aliuliza. "Watu wanakuja kesho adhuhuri. Nimealika soko zima la Kikuubo."

"Waambie wasije."

"Niwaambie kwa sababu gani?"

"Waambie baba yako anadaiwa."

Mansur alisimama pale mlangoni na chano cha bizari mkononi. Alikuwa mtu wa makamo, muuza ndoo na mabeseni ya plastiki, na neno hilo alilielewa vizuri. "Anadaiwa na nani? Pale kaburini Maalim Yasiin aliuliza mara tatu, mwenye kumdai ajitokeze. Hakujitokeza mtu."

"Hawa hawakuweza kuja kaburini," Bi Hindu akasema. "Ni ndege."

Shifa, mkewe Mansur, aliyekuwa akipanga sahani nyuma yake, alicheka kidogo, kisha akajiziba mdomo kwa ushungi.

"Cheka tu, mwanangu," Bi Hindu akamwambia. "Mimi mwenyewe ningecheka. Asubuhi ile aliyokufa, baba yako Swaibu alitoka porini. Mitego ya kanga ilikuwa imetegwa. Mitano. Na imetegwa mpaka leo. Nilidhani Ocira, yule fundi baiskeli wa barazani kwetu, ameitegua. Jana nikampigia simu, nikamuuliza. Anasema yeye hajui iliko, Swaibu hakumwonyesha mtu yeyote. Wiki zote hizi, Mansur! Ndege ananaswa mguu, anapigapiga mbawa mpaka kiu inamwua. Hachinjwi, haliwi. Mzoga tu. Baba yako hajapata kumwacha ndege alale mtegoni hata siku moja. Ana homa, anakwenda. Siku ya harusi yako alikwenda kwanza porini, ndiyo maana mkasimama kumngoja."

"Alisema gari liliharibika."

"Alikuwa anakufichia aibu mbele ya wakwe."

Mansur akamtazama Shifa. Shifa akatazama sahani.

Wakamwita Maalim Yasiin, mdogo wake marehemu, aliyekuwa akisomesha watoto Kurani mtaa wa chini. Alikuja haraka, akaketi kwenye kiti mlangoni, akasafisha koo.

"Shemeji, mtu akifa amali yake imekatika. Kaka hana kosa lolote hapo."

"Sikusema ana kosa. Nimesema mitego iko porini."

"Kisheria, shemeji..."

"Yasiin, umewala hao kanga maisha yako yote. Hukupata kuuliza sheria. Ulikuwa unauliza chumvi."

Maalim akacheka. Bi Hindu hakucheka naye. "Na ningekuwa nyumbani kwa mume wangu, mahali mjane anapopaswa kukalia eda yake, ningekuwa nimeshatuma watu. Lakini mlikaa nyinyi wawili mkasema mama ataogopa peke yake. Mkanibeba kama godoro. Hakuna aliyeniuliza naogopa nini."

Maalim akatazama vidole vya miguu yake. Yeye ndiye aliyetoa ruhusa ya kuihamisha eda.

"Mimi siwezi kuipata, Mama," Mansur akasema. "Nitaitafutia wapi? Lile pori ni kubwa."

"Mimi najua iliko."

"Wewe? Hujakanyaga kule hata siku moja!"

"Sijakanyaga," Bi Hindu akasema. "Najua."

Nje, mbuzi mmoja alilia. Maalim alimtoa Mansur mpaka uani, akamshika bega. "Nenda, mwanangu. Nikianza kusoma na yule mama amenuna humo ndani, dua yangu haitafika hata kwenye dari."

*

Kyamusisi ni njia moja ya vumbi yenye maduka pande mbili, mbele kabisa ya Mubende. Mansur alifika alasiri hiyohiyo amevaa viatu vyake vya mjini, kwa sababu hakuwa na vingine. Duka la baba yake lilikuwa na kufuli. Barazani alikuwa ameketi Ocira, mwanajeshi wa zamani kutoka Gulu, mguu wake wa kushoto haukunjiki, anatengeneza baiskeli. Alikuwa amekaa baraza hiyo miaka mingi kiasi kwamba ukuta nyuma yake ulikuwa na doa la mgongo wake.

"Mutoto ya Swaibu!" akaita. "Viatu gani hiyo? Unaenda harusi?"

"Shikamoo, Mzee Ocira."

"Marahaba. Mama yako alinipigia. Alinigombeza sana. Mimi nikamwambia, mama, Swaibu alikuwa ananiambia mambo yote, ya bibi, ya pesa, ya ugonjwa. Lakini ya mitego, hapana. Ile alifunga mudomo."

Mansur alipofungua kufuli, harufu ilimpokea kabla hajaona kitu: sabuni ya mche, mafuta ya taa, chumvi, na chini yake harufu ya nta. Vitu vilikuwa mahali pake. Mizani ilikuwa imefungwa kwa ukanda wa tairi mahali ilipovunjika zamani. Taa ya mzee, aliyoiunda kwa kopo la dawa ya mbu, ilining'inia juu ya kaunta, na mshumaa ndani yake umebaki nusu.

Hata hajafungua dirisha, watu wakaanza kuja. Walidhani duka limefunguliwa. Mama mmoja alitaka viberiti. Mwingine alisimama tu kizingitini, akasema, "Banange, nimeona mlango wazi, nikasahau kwamba amekufa," akaondoka bila kununua.

Mzee mmoja mwenye jembe begani aliuliza kama misumari ya mabati ipo. Mansur alisema hajui. Mzee akashangaa. "Yeye alikuwa ananiambia mapema. Akiona siafu wanahamia juu ya miti alikuwa anasema, mvua hii itang'oa mabati, nunua misumari. Sisi tunamcheka. Wiki ile ile mabati yanaruka. Sasa siafu wamehama tangu juzi, na hakuna wa kutuambia."

"Si umewaona mwenyewe?" Mansur akasema.

"Nimewaona," mzee akakubali. "Lakini kuwaona peke yangu sijazoea."

Mansur alitafuta misumari, akaipata ndani ya buyu, juu ya rafu. Baba yake hakuamini makopo. Alisema kopo linatoa jasho, misumari inashika kutu. Akampimia mzee. Mkono wake ulijua mizani hiyo kuliko alivyodhani.

Alimkumbuka baba yake alivyokuwa akija Kikuubo, mara moja au mbili kwa mwaka, kununua bidhaa. Alikuwa akipita katikati ya wachukuzi na mikokoteni na gunia mgongoni, na ndani ya gunia kuna kanga hai anayelalamika. Wafanyabiashara walikuwa wakimwita Mzee wa Pori, wanamuuliza kama chui hajambo. Naye anawajibu, "Hajambo, anawasalimu, anauliza mnanona lini." Siku moja mkokoteni ulivunjika gurudumu katikati ya ile njia nyembamba, mzigo wa mchele umeziba kila kitu, watu wanatukanana kwa lugha zote. Swaibu alivua ndala zake, akazikata kwa kisu, akatengeneza bushi ya mpira ya kukazia ekseli, gurudumu likazunguka. Akarudi Kyamusisi pekupeku. Mansur alitaka kumpa ndala mpya kutoka kwa jirani. Mzee akasema zina rangi nyingi, ndege watamwona.

"Alikufa hapo," Ocira akasema kutoka barazani, bila kuulizwa. "Hapo unasimama. Alikuwa anapimia mutu chumvi. Akasema, ngoja kidogo. Akaketi. Basi."

Mansur akasogea.

*

Asubuhi waliingia porini, Ocira mbele na panga, mguu wake akiutupa pembeni kila hatua, Mansur nyuma ameshika simu sikioni. Mnara wa kampuni ya simu ulikuwa umejengwa juu ya kilima, kwa hiyo sauti ya mama yake ilikuja safi kana kwamba anatembea nao.

"Umepita migomba ya kanisa?"

"Nimepita."

"Utaona kichuguu kimepasuka, kama mtu aliyeachama."

"Nakiona."

"Hapo alikuwa anasimama kukojoa."

"Mama!"

"Ndivyo alivyosimulia. Sasa kata kulia, upande wa mtini. Usifuate njia ya ng'ombe. Kanga hapiti walikopita ng'ombe wakati wa umande, anachukia kulowa kifua. Tafuta mahali majani yamelala kidogo, kama yamechanwa na kitana kikubwa."

Mansur aliinama. Alikuwa mnene, na jasho lilikuwa limeanza kumwingia machoni. Majani yote yalikuwa majani.

"Sioni kitu."

"Umesimama?"

"Ndiyo."

"Chuchumaa. Yeye alisema ukisimama unaona pori, ukichuchumaa unaona njia."

Akachuchumaa, suruali ikabana. Na kweli, chini ya majani, kulikuwa na kijia chembamba kinachopita kama mfereji. Mahali kilipoingia kichakani palikuwa na waya wa breki ya baiskeli, na chini ya waya kulikuwa na manyoya meusi yenye madoa meupe, mengi, yametawanyika, na mifupa.

"Kuna nini?" Bi Hindu akauliza.

Mansur aliokota unyoya mmoja.

"Mwanangu, kuna nini?"

"Alikuwepo, Mama. Amekwisha."

"Haya. Mfukie. Kisha fungua waya, uuweke mfukoni."

Alichimba kwa mikono. Ocira alisimama pembeni, kofia ameivua, kana kwamba ni mazishi ya mtu. "Mimi ndiye nilimpa hiyo waya," akasema. "Breki ya baiskeli ya padri. Padri alikuwa anauliza kwa nini baiskeli yake haisimami."

Kwenye mtego wa pili hapakuwa na kitu. Bi Hindu akamshukuru Mungu kwa sauti. Kwenye wa tatu palikuwa na mguu tu, fisi maji au paka pori alikwisha chukua kilichobaki. Kila mahali mama alijua kilichokuwa mbele: jiwe lenye ukungu mwekundu, mti ambao Swaibu aliubandika mzinga wa nyuki wa debe la mafuta, shimo ambamo wakati wa kiangazi alimfukua samaki aina ya kamongo aliyejizika kwenye tope kavu, akamtia gunia akiwa hai, akamleta dukani, wateja wakakimbia.

"Wewe unajuaje haya yote?" Mansur akamuuliza.

"Kila jioni," Bi Hindu akasema. "Anavua viatu, mimi nachambua mchele. Anaanza: leo nimetoka hivi, nimepita hivi. Njia nzima anaitembea upya kwa mdomo. Miaka ya mwanzo nilikuwa nachoka, nasema huyu mume ana maneno. Baadaye akichelewa kuanza, mimi mwenyewe namuuliza, na yule wa kwenye kichuguu vipi?" Nyuma yake sahani ziligongana. "Hapa kwako kila mtu anarudi jioni, anauliza umekula, anawasha televisheni."

Mansur alitazama viatu vyake vya harusi, vimekuwa matope.

Mtego wa nne ulikuwa na kwale. Hakuwa amekufa zamani. Wadudu ndio kwanza walianza. Mansur alimfukia naye, akapiga bismillahi ambayo haikuwa na kazi tena.

"Sasa wa tano, Mama."

Alimsikia akiihesabu njia upya kwa mnong'ono, tangu kwenye kichuguu.

"Mama?"

"Wa tano ulikuwa kwenye mkuyu wa zamani," Bi Hindu akasema polepole. "Lakini jana yake aliniambia hapo hapafai tena, ataung'oa, ataupeleka mahali pengine. Alikuwa anamtaka yule dume mkubwa, mwenye kilemba cheupe. Akasema, kesho nitakuambia nimeuweka wapi." Sauti yake ikapungua. "Kesho yake hakufika jioni."

*

Walikwenda kwenye mkuyu. Palikuwa na shimo la kijiti kilichong'olewa, basi.

"Fikiri, Mzee Ocira," Mansur akasema. "Asubuhi ile alirudi vipi?"

Ocira alikuna ndevu. "Alikuja amelowa. Mpaka hapa," akagusa kiuno. "Alikuwa anacheka peke yake. Nikamuuliza, kitu gani? Akasema, leo nimemupata mukubwa mwenzangu. Mimi nilifikiri ni serikali."

Amelowa mpaka kiunoni: basi alivuka kijito. Mansur alivua viatu, akakunja suruali, akaingia majini. Ocira hakuweza kuvuka na ule mguu. Alibaki ukingoni, ameketi na panga lake magotini.

Ng'ambo kulikuwa na matete, na baada ya matete nyasi ndefu kupita kichwa cha mtu, na baada ya nyasi vichaka ambavyo havikuwa na mwisho. Mansur alitafuta asubuhi nzima. Alichuchumaa mpaka magoti yakakataa. Aliona njia za kanga kumi, kila moja ilikuwa sawa na nyingine. Aliwasikia wenyewe, mbali, wakicheka kile kicheko chao cha bati.

Simu ikalia. Alikuwa Shifa, ananong'ona. "Uko wapi, Mansur? Watu wamejaa. Maalim ameshaketi. Pilau inashika chini. Mama ameniambia nisiruhusu mtu kufungua msahafu mpaka umpigie. Wenzako wa Kikuubo wanaulizana kama kuna ugomvi wa mirathi."

"Nipe Mama."

Simu ilipita mkono kwa mkono. Akasikia vikombe, watoto, mtu anakohoa.

"Umeupata?" Bi Hindu akauliza.

Mansur alikuwa katikati ya nyasi, miguu imechanwachanwa, mkono umevimba kwa upupu. Jua lilikuwa utosini. Alifikiria ua ule wenye watu, na mama yake kwenye mkeka na simu sikioni.

"Nimeupata, Mama."

"Una nini?"

"Mtupu."

"Wapi?"

Akatazama huku na huku. "Ng'ambo ya kijito. Kuna mti wa miiba umeinama. Chini yake."

Mansur alisikia pumzi ya mama yake, na nyuma yake ukimya wa watu walioambiwa wanyamaze. Hakujua kama ameaminiwa. Mwanamke huyu alikuwa amesikiliza safari za porini jioni baada ya jioni, maisha yake yote ya ndoa; bila shaka alijua sauti ya mtu aliyefika na sauti ya mtu ambaye hajafika.

"Haya," akasema mwishowe. "Someni. Na wewe usikate simu, uwe nasi kwenye kisomo."

Mansur aliitia simu kwenye mfuko wa shati. Sauti ya Maalim Yasiin ikaanza kutoka kifuani pake, nyembamba, ikifuatiwa na sauti za watu wengi. Naye akaanza kutafuta upya.

Safari hii hakutafuta kwa kufikiri. Alikwisha sema mti wa miiba ulioinama, basi alitafuta mti wa miiba ulioinama, kama mtu aliyetoa ahadi dukani bila bidhaa sasa anakimbia huku na huku kuipata. Aliona mmoja, chini yake hakuna kitu. Akaona wa pili. Alipita katikati ya nyasi pekupeku, midomo yake ikimfuata Maalim bila yeye kujua, na alipokaribia kichuguu kidogo kisicho na mti wowote karibu, mguu wa kulia haukuja.

Alianguka kifudifudi. Simu ilimgonga kidevu, kisomo kikaendelea.

Alijigeuza, akaketi. Waya wa breki ulikuwa umemshika vidole vya mguu wa kulia, vyote vitano, kama mkono unavyomshika mtoto anayetaka kukimbilia barabarani. Aliuvuta, ukabana kidogo, kisha ukagoma kubana zaidi. Akainama kuangalia. Kwenye ile mitego mingine alikuwa na haraka, hakuona: mzee alikuwa amepiga kifundo kidogo kwenye waya, mahali ambapo kitanzi kikifika hapo hakiendi mbele tena. Kinashika mguu, hakiukati.

Mtego ulikuwa mtupu. Haukuwa na unyoya. Tangu alipoutega, hakuna aliyepita hapo.

Mansur hakulia siku ya mazishi. Alikuwa na watu wa kupokea, na jeneza la kurudisha msikitini. Sasa alikaa chini, tope mpaka kifuani, na hakufanya jitihada ya kujizuia.

"Mutoto ya Swaibu!" Ocira aliita kutoka ng'ambo. "Nimesikia umeanguka! Nikuletee koleo? Nitajaribu kuvuka!"

"Usije!" Mansur akajibu. Alishika kile kifundo kwa vidole viwili, hakukifungua. "Niache kwanza, Mzee. Nimenaswa vizuri."